Sahani Mbili za Sista Reme

Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa pili mwaka huu, nilimpoteza mke wangu Poni, mama wa mwanetu Wani. Mwisho wa mwezi huo huo niliacha kazi ya upishi katika nyumba ya wageni pale Buluk, Juba. Watu waliunganisha mambo hayo mawili wakasema mzee ameacha kwa sababu ya huzuni. Sivyo. Nilikuwa nimeomba kuacha tangu kabla ya Krismasi, kwa sababu ya magoti. Huzuni haimzuii mtu kusimama jikoni. Magoti yanamzuia.

Joyce, ambaye sasa ndiye mkuu wa jiko, aliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ili wapishi wapya wasome. Nilimwambia niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza nikiwa tayari na ndevu. Akasema, "Mzee Ladu, andika tu vile unaongea." Basi ndivyo ninavyoandika, ila nimeondoa matusi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoelewana nacho jikoni: Joyce ni mtu wa Kitale, Taban anayeosha vyombo alikulia Uganda, na mimi Kiswahili nilikiokota Lokichoggio, ng'ambo ya mpaka. Kiarabu cha Juba tulikiweka kando kwa ajili ya kugombana na watu wa tanki la maji.

Juu ya mshahara sina la kusema ambalo ninyi hamlijui.

Lokichoggio nilipika katika kambi ya wafanyakazi wa misaada wakati wa vita. Kule nilijifunza kupika kwa wingi, sikujifunza kupika kwa utamu. Sufuria ilikuwa kubwa kiasi kwamba kijiko chake kilifanana na kasia. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimeweka nini ndani, na mimi sikumwuliza mtu ameonaje. Waliokula walikula, na waliobakiza walibakiza. Nikarudi Juba nikijiita mpishi.

Siku yangu ya kwanza Buluk nilimkuta Sista Remedios, Mhispania mfupi aliyevaa viatu vya wazi hata kwenye matope. Sisi tulimwita Sista Reme. Ndiye aliyeiongoza ile nyumba. Wageni wake walikuwa masista, madaktari na mafundi kutoka Hispania na Amerika ya Kusini, na wengi wao Kiingereza chao kilikuwa kibovu kuliko changu, jambo ambalo sikudhani linawezekana kwa mzungu. Alinipa kisu na gunia la viazi, akasimama kuniangalia. Nilimenya kama nilivyozoea Loki, yaani nusu ya kiazi ikabaki kwenye ganda. Aliyaokota maganda yangu, akaketi juu ya ndoo, akayamenya tena, na jioni hiyo wageni walikula viazi vilivyotoka kwenye maganda yangu. Nilitaka kurudi Loki kwa miguu.

Chakula cha kwanza alichonifundisha ni tortilla, mayai na viazi vya Kihispania. Nawaeleza ninyi wapya, maana mtaipika mpaka muiote. Viazi vikatwe vyembamba. Viive polepole ndani ya mafuta mengi pamoja na kitunguu, bila kubadilika rangi. Mtu mwenye haraka ataviunguza. Vichuje, vichanganye na mayai, uviache vipumzike. Rudisha kwenye kikaango kidogo. Halafu linakuja jambo la kutisha: unafunika kikaango kwa sahani, unageuza vyote viwili kwa mpigo, tortilla inabaki kwenye sahani, unaitelezesha tena upande wa pili uive. Mara ya kwanza nilipogeuza, nusu ilianguka kwenye sigiri ya mkaa na nusu juu ya kiatu cha Sista. Alitamka neno ambalo baadaye sikulikuta katika somo lolote.

Masomo yenyewe yalianza kwa sababu ya sahani zilizorudi. Mgeni angekaa mezani, ale kidogo, atabasamu, aseme kitu kirefu, na sisi turudishe chakula jikoni bila kujua kimekosa nini. Kwa hiyo Sista akaamua kutufundisha Kihispania kila Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, kwenye baraza la nyuma karibu na jenereta. Salamu tulizipata. Namba tulizipata. Majina ya vitu vya jikoni tuliyapata haraka, isipokuwa mimi niliyeita uma kijiko kwa mwaka mzima, na wageni wakanizoea wakawa wanakula wali kwa uma.

Tulikwama tulipofika somo la kusema unachopenda na usichopenda.

Sista alichora ngazi ubaoni kwa chaki. Chini kabisa aliandika *no me gusta nada*, yaani sikipendi hata kidogo. Juu yake *no me gusta*, sikipendi. Kisha *me gusta*, nakipenda. Kisha *me gusta mucho*, nakipenda sana. Na juu kabisa *me encanta*, yaani kimeniteka moyo. Akatuambia kwamba kwa Kihispania wewe hufanyi kazi yoyote, chakula ndicho kinachokupendeza. Nikafikiri, lugha nzuri, haichoshi. Kisha akamwuliza kila mmoja anapenda nini.

Sote tulikuwa juu ya ngazi. Wali? *Me encanta.* Maharage? *Me encanta.* Dengu zilizoungua? Zimeniteka moyo.

"Taban," Sista alisema kwa Kiswahili chake kilichopinda, "kuna kitu wewe hupendi?"

"Hakuna, Sista. Mimi iko sawa. Mimi napenda yote."

"Yote?"

"Yote, Sista. Hata ile ya jana."

Sista alidhani hatujaelewa somo, akalirudia Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Tulikuwa tumelielewa vizuri sana. Ila ngoja niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Mimi na Taban tulikulia ukimbizini. Chakula kilikuja na lori, na hakuna aliyeshuka kwenye lori kutuuliza kama tunapendelea mahindi au mtama. Na hata kabla ya lori, nyumbani kwa mama yangu, mtoto aliyesema "sipendi hiki" mbele ya mwenye chungu alikuwa amemtukana mwenye chungu, shamba, na mvua. Mgeni anakula alichopewa, anashukuru, basi. Sasa anakuja mama wa watu, tena ndiye anayetulipa, anataka tumwambie usoni kwamba chakula chake kibaya. Tuliona ni mtego.

Ndipo akaja na sahani mbili. Jumamosi moja aliweka mezani sahani ya njugu za kukaanga na sahani ya zeituni, zile za kijani zenye chumvi, alizoletewa kutoka kwao. Akatuambia tuonje zote mbili, tunyooshe kidole kwa tunayoipendelea, tuseme *prefiero* hii. Kwanza alimwita Taban. Taban alitia zeituni mdomoni. Niliona masikio yake yakirudi nyuma kama ya mbwa. Akameza na kokwa.

"*Me encanta*," alisema.

"Unapendelea zeituni kuliko njugu?"

Taban alizitazama njugu kama mtu anayemuaga ndugu yake uwanja wa ndege. "Zeituni, Sista."

"Vizuri sana," Sista alisema, akaikokota sahani ya zeituni mpaka mbele yake. "Maliza."

Alizimaliza. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na sisi tukawa tunatazama miguu yetu. Alipofika ya mwisho aliiweka chini taratibu, akasema kwa Kihispania safi kuliko chochote alichowahi kusema, "*No me gusta nada*." Ilikuwa kama amevua nguo. Sista Reme alipiga makofi, akamkumbatia, akampa njugu zote.

Ilipofika zamu yangu nilikula zeituni, nikasema zimeniteka moyo. Nilikuwa mkuu wa jiko. Niliona aibu kushuka ngazi mbele ya muosha vyombo. Kwa ushujaa huo, kila mgeni alipoleta chupa ya zeituni kutoka Hispania, Sista aliniwekea fungu langu pembeni. Zimenifuata kazini mpaka uzeeni.

Aliyenibadilisha kidogo ni fundi wa pampu za maji kutoka Kolombia, tuliyemwita Don Hernán. Wakati huo tortilla yangu ilikuwa imeshasifiwa na masista wawili na askofu mmoja mgeni, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele. Nikampelekea Don Hernán mwenyewe, mkononi. Alionja, akaweka uma chini, akanitazama kwa upole, akasema, "*No me gusta*." Bila hasira wala aibu, kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

Niliingia stoo nikakaa juu ya gunia la unga. Sista alinifuata.

"Naacha kazi," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Amesema hapendi."

"Basi ana bahati, ana mdomo. Umemwuliza anapendelea nini?"

Sikuwa nimemwuliza. Katika maisha yangu yote ya upishi, kutoka kwenye kasia la Loki mpaka pale, sikuwa nimemwuliza mtu yeyote swali hilo nikitaka kweli kusikia jibu. Nikarudi mezani, nikasema, "*¿Qué prefiere?*" Akaniambia: wali, maharage mekundu, na yai la kukaanga juu. Nilimpikia hivyo tangu siku hiyo mpaka alipoondoka, na alikula kama mtu aliyetoka shimoni, jambo ambalo, kwa kazi yake, lilikuwa kweli.

Toka hapo nikawa bingwa wa kuuliza, na hii ndiyo siri pekee ya kazi niliyo nayo, kwa hiyo nawaachia. Msimwulize mgeni, "Unapenda nini?" Atasema, "Chochote," na chochote hakipikiki. Mwekee sahani mbili. Aonyeshe kwa kidole. Kisha mara ya pili zibadilishe upande, kwa sababu mtu mwenye aibu huchagua iliyo karibu naye. Sista alinifundisha hilo la kubadilisha, na limenisaidia kuliko chumvi. Nilijua nani anapendelea chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, nani anachukia kitunguu lakini hataki kukiri, nani husema anapenda samaki kumbe anapenda limau. Wageni walisema Ladu anazungumza Kihispania. Ladu alizungumza chakula tu. Sista mmoja mgeni aliniuliza njia ya kwenda uwanja wa ndege, nikamwambia mimi naipendelea na kitunguu.

Sista Reme aliporudi kwao kwa sababu ya uzee, alituaga mmoja mmoja pale barazani. Kwangu alisema, "Ladu, umejifunza kuuliza. Kujibu hujajifunza." Kisha akanipa chupa ya zeituni. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka.

Sasa nifike nyumbani. Sikukusudia kuandika mambo ya nyumbani, lakini nimegundua kwamba bila hayo hii habari ya sahani mbili ni mzaha tu.

Poni aliuza chai mtaani kwetu Munuki, kwenye kituo cha bodaboda, chini ya turubai. Alijua vijana wote wa pikipiki: huyu tangawizi nyingi, yule sukari kidogo kwa sababu ya ugonjwa anaouficha. Kwa hiyo ilikuwa nyumba moja ya watu wawili waliolipwa kwa kuuliza wengine. Sisi wenyewe hatukuulizana. Jikoni kwetu sikuingia. Mwanamume wa kwetu hapiki nyumbani hata akipikia maaskofu. Mchango wangu ulikuwa tortilla. Kila Jumapili, chakula cha wageni kikiisha, nilipika moja zaidi, nikaifunga kwa kitambaa ndani ya sufuria, nikapanda boda kutoka Buluk mpaka Munuki nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, ikinichoma tumbo kwenye kila shimo la barabara. Poni aliipokea kwa mikono miwili. Alikula. Alisema, "Asante, Baba Wani." Nami nilikaa nikimwangalia akila, nikajiona mume wa namna ya pekee Munuki nzima.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, alianza kuugua tumbo. Alikonda. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Mwishowe daktari alituambia kwa upole kwamba dawa zitapunguza maumivu tu, na kwamba kwa chakula nimpe anachokipenda, hata kidogo. Kwa daktari lilikuwa neno la faraja. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na geti. Nilijua anachopendelea fundi wa pampu wa Kolombia. Mke wangu, ambaye tumezaa naye na kukimbia naye vita, sikujua.

Nilimwuliza kama mjinga. "Mama Wani, unapenda nini nikupikie?"

"Chochote."

Basi nikachukua likizo, nikaingia jikoni kwangu mwenyewe. Keji, dada yake Poni na jirani yetu, aliyekuja kumuuguza, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Ya Poni! Njoo uone. Mume wako amegeuka shemeji yangu wa kike!"

"Mwache," Poni alijibu kutoka kitandani. "Huko Buluk wanamlipa."

Nilimwekea sahani mbili kwenye stuli: uji wa mtama, na supu ya kuku. Alizitazama, akanitazama.

"Hii ni nini, mtihani?"

"Onyesha kwa kidole tu."

"Nimekuambia chochote."

"Sista alisema chochote hakipikiki."

"Sista yuko Hispania. Mimi niko hapa na njaa sina." Lakini alionyesha uji. Ulikuwa karibu naye. Nikabadilisha upande. Akaonyesha supu. Nikabadilisha tena, naye akaanza kucheka kicheko kidogo cha mtu anayeshika tumbo. "Kalas, basi, Baba Wani, utanimaliza. Uji. Ni uji kweli."

Tukawa hivyo kila siku. Viazi vitamu au ndizi. Bamia au kudra, ile mboga yetu ya majani. Alishinda aibu polepole, kama Taban. Siku nyingine alionyesha kabla sijaweka sahani chini. Siku nyingine alizikataa zote mbili kwa mkono, nikafurahi kuliko kama angekula, halafu nikaona upumbavu wa furaha yangu, maana mgonjwa alikuwa hajala kitu.

Ikafika Jumapili. Nilipika tortilla, safari hii nyumbani, kwenye sigiri yetu, nikaigeuza bila kumwaga hata tone, na Keji akashangilia. Nikaiweka kwenye sahani moja. Kwenye ya pili niliweka maharage ya kuchemsha, matupu, ili tu sahani ziwe mbili. Nilikuwa na uhakika wa ushindi. Poni alinyoosha kidole kimoja, akaisukuma tortilla taratibu mpaka ukingoni mwa stuli.

"Hii, hapana."

"Leo hujisikii?"

"Siipendi."

"Tangu uugue?"

"Tangu ile ya kwanza." Alisema bila hasira, kama Don Hernán. "Mafuta yake yananikaa hapa," akajigusa koo.

Nilikaa kwenye mkeka. Nilianza kuzihesabu Jumapili kichwani, nikaacha. "Mbona hukusema?"

"Ungekuwa wewe ungesema? Mtu anashuka kwenye boda, tumbo limemuungua, shati lina mafuta, anatabasamu. Ulikuwa unaniangalia nikila. Hilo nililipenda."

Nikauliza swali langu la kazi, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. "Basi unapendelea nini?"

Aligeuza kichwa kuona kama Keji anasikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja dhambi, "Kisra ya jana."

Wasioijua, kisra ni mikate yetu myembamba kama karatasi, ya unga uliochachushwa. Watu huila siku ile ile, laini, na mchuzi. Ya jana inakauka pembeni na uchachu unazidi. Hiyo hutupiwa kuku.

"Na mchuzi gani?"

"Bila mchuzi. Simsim iliyosagwa, na chumvi." Simsim ni ufuta. Akanieleza kwamba mama yake aliuza kisra sokoni, na iliyobaki bila kununuliwa aliachiwa yeye. Ndugu zake hawakuitaka. "Ilikuwa yangu peke yangu," alisema.

Kwa hiyo chakula ambacho mke wangu alikipenda kuliko vyote hakikuhitaji mpishi. Kilihitaji mtu wa kusubiri tu. Asubuhi nilikwenda mtaa wa Hai Jalaba, kwa mama mmoja anayesifiwa kwa kisra yake, nikamwomba ya jana. Alinitazama kama nimemtemea mate.

"Ya mzee, nani amekuambia mimi nauza vitu vya jana?"

"Sijasema unauza. Naomba tu kama ipo."

"Hapa ni ya leo! Shika, uone, bado ina moto!"

Nikaichukua ya leo, nikaipeleka nyumbani, nikaitandaza juu ya ungo, nikakaa kuisubiri ichakae. Mpishi wa maaskofu nilikuwa nafukuza nzi kwenye mkate ili uharibike vizuri. Keji alidhani nimeanza kuchanganyikiwa, akanipikia chai.

Siku iliyofuata Poni alikula. Alikula robo ya kisra, kwa vidole, polepole, akichovya kwenye simsim. Sikumwangalia sana usoni ili asijisikie anadaiwa kupenda. Alipomaliza aliniambia nimezidisha chumvi.

Kisha akasema, "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Unapenda nini?"

"Mimi? Chochote."

Alicheka mpaka akakohoa, Keji akaja mbio na maji, nikafukuzwa chumbani.

Kisra haikumponya. Sitaki mtu asome hapa afikiri hivyo. Alikula robo, kisha akawa anakula kipande, kisha akawa analamba simsim tu kwenye ncha ya kijiko. Siku za mwisho nilikuwa nikiweka sahani moja, maana ya pili haikuwa na kazi. Alikufa ile Alhamisi niliyoitaja.

Baada ya siku arubaini tulifanya karama, sala na chakula cha kumaliza matanga. Wanawake wa ujirani waliniuliza Mama Wani alikuwa anapenda nini, ili wapike. Ndiyo desturi, na waume wengi hujibu nyama, kwa sababu nyama haina ubishi. Mimi niliwaambia kisra ya jana na simsim. Wakatazamana. Keji akasema, "Utatuaibisha, shemeji. Wageni watasema tumewapa mabaki." Tukakubaliana kwamba wao wapike wanavyojua, na mimi niandae sahani yangu moja. Niliinunua siku iliyotangulia, nikaitandaza juu ya ungo.

Mchana, sala ikiwa imekwisha, waliingia watu wa Buluk, Joyce mbele na Taban nyuma amebeba sinia kubwa lililofunikwa kwa kitambaa cheupe cha kazini. Joyce alifunua. Zilikuwa tortilla, zimepangwa moja juu ya nyingine, rangi nzuri, hakuna hata moja iliyovunjika.

"Mzee, tumeamka saa kumi," Joyce alisema mbele ya watu wote, macho yamejaa machozi. "Tumemletea Mama ile yake. Kila Jumapili ulikuwa unambebea. Sisi sote tulijua vile aliipenda."

Jibu sahihi lilikuwa asante. Nililijua, nimelitumia maisha yangu yote. Nilifungua mdomo kulitoa, na halikutoka.

"Joyce, mwanangu," nilisema, "Poni hakuipenda."

"Aje, mzee? Hakuipenda?"

"Alisema mafuta yake yanamkaa kooni. Tangu ile ya kwanza."

Watu wote uani walitazama miguu yao, kama sisi kwenye baraza la Buluk siku ya zeituni. Joyce alibaki ameshika kitambaa. Taban alikuwa wa kwanza. Alishusha sinia chini, akaficha uso kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka niliposikia. Kisha Keji akaachia kicheko kikubwa ambacho hakikuwa kimesikika pale tangu mwezi wa pili. "Wallahi, Poni!" alisema, akijipangusa machozi kwa kitenge. "Jumapili zote zile! Na alikuwa ananipa mimi nusu kwenye mlango wa nyuma, ananiambia kula haraka!"

"Na wewe uliipenda?" Joyce alimwuliza.

"Mimi? Leta hapa."

Waliila yote. Nyama iliisha, wali uliisha, kudra iliisha. Jua lilipokuwa linashuka watu waliaga, wanawake wakakusanya vyombo vyao. Juu ya mkeka ilibaki sahani yangu, kisra ikiwa imekunjwa kama nilivyoikunja, simsim kando. Kila mtu alikuwa ameipita akidhani ni mabaki. Keji aliinama kuichukua awape kuku.

"Iache," nilimwambia.

Niliketi nikala. Kusema kweli siipendi. Uchachu wake unauma meno, na simsim kavu inanata kwenye kaakaa. Nilimwambia Keji hivyo, kwamba siipendi, naye akaniuliza kwa nini basi naila. Niliimaliza, nikaenda kuosha sahani.